Kununua betri kwa jumla: aina, vipimo na kiasi cha kuchukua

Anayenunua betri mbili mbili kwa machinga hulipa bei ya juu kabisa sokoni, na mara nyingi anapewa mzigo ulioshinda juani. Ukichukua boksi zima Kariakoo ya Dar, Kamukunji ya Nairobi au Kikuubo ya Kampala, bei ya kipande hushuka sana. Ila ukikosea kuchagua betri mbili, hasara yake utaisahau kesho. Ukikosea boksi la betri 60 utaishi nalo mwaka mzima, rimoti zikigoma na redio ikivuja maji ya kahawia.

Kabla hujaenda dukani, zunguka nyumba na kalamu. Andika kila kifaa, kinatumia betri ya ukubwa gani, ngapi, na mara ya mwisho ulizibadilisha lini. Saa ya ukutani hutumia AA moja. Rimoti nyingi za sasa ni AAA mbili. Redio ya kijijini na tochi kubwa ni D, zile ambazo wazee wanaziita mawe. Mashine ya kupima presha mara nyingi ni AA nne. Mzani wa jikoni na rimoti ya gari hutumia betri bapa ya duara, aghalabu CR2032. Orodha hii ndiyo itakayokuambia ununue nini, kwa sababu vifaa hivi havili umeme kwa namna moja.

Kusoma ganda la betri

Maneno makubwa yaliyoandikwa mbele yameshawapotosha wengi. "Heavy Duty", "Extra Heavy Duty" na "Super" yote yanamaanisha betri ya zinki na kaboni, ile ya bei ya chini. Hayamaanishi alkalaini hata kidogo, hata rangi ziwe za dhahabu na nyeusi. Alkalaini halisi huandikwa "Alkaline" kwenye betri yenyewe. Hata hivyo, acha maneno, tafuta namba ndogo za kimataifa zilizochapwa pembeni. Hizo ndizo zinazosema ukweli:

AA ya zinki-kaboni ni R6, ya alkalaini ni LR6.
AAA ni R03 au LR03.
C ni R14 au LR14.
D ni R20 au LR20.
Ya mraba ya volti 9 ni 6F22 kwa zinki-kaboni, 6LR61 kwa alkalaini.

Herufi L mbele ya R ndiyo alama ya alkalaini. Isipokuwepo, una zinki-kaboni mkononi, muuzaji aseme atakavyosema. Kwenye zinki-kaboni unaweza kukuta pia herufi nyuma ya namba: R20S ni ya kawaida, R20C imetengenezwa kudumu kwenye matumizi madogo, R20P ni ya matumizi ya nguvu zaidi. Ukikuta S na P kwa bei moja, chukua P.

Kisha tafuta tarehe. Betri nzuri huwa na mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika kwenye ganda lake lenyewe au kwenye kitako, mbali na ile ya boksi. Zinki-kaboni kwa kawaida hupewa miaka 2 hadi 3 tangu kutengenezwa, alkalaini miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo piga hesabu ya kurudi nyuma: zinki-kaboni ya miaka 3 iliyobakiza miezi 8 imeshakaa ghalani zaidi ya miaka miwili, na kama ghala lina paa la bati huko Dar au Mombasa, umri wake wa kweli ni mkubwa kuliko unaoandikwa. Isiyo na tarehe kabisa usiichukue kwa jumla, hata ikiwa nusu bei.

Bei ihesabiwe kwa saa za kazi

Linganisha betri kwa muda zinaofanya kazi kwenye kifaa chako. Tuchukue mfano: R6 inauzwa shilingi 300, LR6 inauzwa shilingi 1,000.

Ukiziweka kwenye kitu kinachokula kiasi cha wastani, tuseme miliamp 120 kama redio ndogo inayosikika vizuri, R6 nzuri itakupa saa 5 hivi na LR6 saa 17 hivi. Gawanya: shilingi 60 kwa saa kwa ile ya kwanza, shilingi 59 kwa saa kwa ya pili. Zinalingana kabisa. Anayesema alkalaini daima ni nafuu amekosea, na anayesema ni anasa amekosea pia.

Sasa ziweke kwenye gari la mtoto lenye mota, linalokula miliamp 500. R6 itachoka ndani ya nusu saa, kwa sababu zinki-kaboni ikivutwa kwa nguvu hutoa sehemu ndogo tu ya umeme wake. LR6 itafika saa 3. Hapo R6 inakugharimu shilingi 600 kwa saa, LR6 shilingi 333. Bei ya chini imeshakuwa mzigo.

Rudi kwenye saa ya ukutani au rimoti. Vinakula umeme kidogo mno kiasi kwamba R6 ya shilingi 300 inakaa mwaka mmoja au karibu yake. Kulipa mara tatu kwa alkalaini hapo si lazima. Kuna jambo jingine kwenye rimoti: betri ya alkalaini iliyosahaulika humo miaka minne huvuja na kula chemchemi, kwa hiyo udumu wake mrefu hautakusaidia kama huifungui.

Mgawanyo unaofaa nyumba nyingi ni huu. Saa na rimoti, zinki-kaboni. Redio, yoyote kati ya hizo mbili kulingana na bei ya siku hiyo. Mashine ya presha, kufuli za kielektroniki na kamera, alkalaini, kwa sababu vifaa hivi huhitaji volti isiyoyumba na huzima mapema betri ikishuka. Midoli yenye mota, maikrofoni zisizo na waya za msikitini au kanisani, na kitu chochote unachobadilishia betri kila wiki, nunua za kuchaji za NiMH. Hizo ni ghali mwanzoni na zinahitaji chaja, lakini AA ya miliamp-saa 2,000 (kipimo cha umeme inaotunza) inayochajiwa mara mia kadhaa haina mpinzani kwa bei ya saa. Tafuta zilizoandikwa kwamba zimeshachajiwa kiwandani, kwa sababu hizo hutunza chaji miezi mingi zikiwa kabatini. Za kawaida hujimaliza zenyewe. AA ya kuchaji iliyoandikwa 3,500 au 4,000 ni uongo mtupu: bora kabisa duniani hazivuki 2,800 hivi. Na AA ya kuchaji usiiweke kwenye saa ya ukutani; nguvu zake hazihitajiki hapo.

Dukani: chukua sampuli kwanza

Usilipie boksi siku ya kwanza. Nunua nne za kila aina unayoifikiria, kutoka boksi lilelile utakalochukua au la toleo lilelile, zipime, kisha rudi. Muuzaji wa jumla mwenye mzigo safi hatakataa. Vifaa vya kupimia ni vitatu: mita ya fundi, rezista (kipande kidogo kinachopunguza umeme, huuzwa na mafundi wa redio) ya ohm 10 yenye uwezo wa nusu wati, na mzani mdogo wa jikoni au wa sonara.

Anza na mzani, maana ndio unaofichua udanganyifu haraka kuliko vyote. AA ya alkalaini huwa na gramu 23 hivi. AA ya zinki-kaboni huwa kati ya 15 na 19. Ukikuta "alkalaini" ya gramu 16, umeuziwa R6 iliyovalishwa koti la mwenzake. AAA ya alkalaini ni gramu 11 hadi 12, ya zinki-kaboni ni 8 hadi 10. Kwa D tofauti inaonekana hata kwa mkono: alkalaini hufika gramu 135 na zaidi, zinki-kaboni mara nyingi haivuki 100. D ya kuchaji iliyo nyepesi kama ganda tupu mara nyingi ina AA moja ndani iliyozungukwa na plastiki. Sumaku haikusaidii hapa, kwa kuwa chuma kinaweza kuwepo kwenye zote.

Pili, volti ya betri ikiwa haifanyi kazi yoyote. Weka mita kwenye DC, ncha nyekundu kwenye kichwa, nyeusi kwenye kitako. Betri mpya ya volti 1.5, ya aina zote mbili, inapaswa kusoma kati ya 1.55 na 1.65, na zinki-kaboni mbichi inaweza kupita hapo kidogo. Chini ya 1.5 imeshaanza kuzeeka au imeshatumika. Ya volti 9 isome juu ya 9.3. CR2032 isome 3.2 au zaidi. Ikiwa chini ya 3.0, iache.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoliwa. Betri dhaifu inaweza kuonyesha 1.58 ikiwa haifanyi kazi yoyote, kisha ikaanguka mara tu ukiidai umeme. Kwa hiyo kipimo cha tatu ndicho chenye uzito: gusisha rezista ya ohm 10 kwenye kichwa na kitako, mita ikiwa bado imeunganishwa, hesabu sekunde tano, kisha soma. Alkalaini mpya ibaki karibu na 1.5. Zinki-kaboni mpya ibaki 1.4 au juu zaidi. Ikishuka chini ya 1.3, mzigo ni wa zamani au ni feki. Pima zote nne. Zikitofautiana sana, mfano moja 1.45 na nyingine 1.28, usichukue hata kama wastani unaridhisha, kwa sababu boksi lenye betri zisizolingana litakusumbua kila utakapoziweka mbili mbili.

Mafundi wengine huweka mita kwenye ampea 10 na kugusa moja kwa moja ncha mbili za betri. Njia hiyo inaonyesha nguvu haraka, lakini ni kuipiga betri shoti: isizidi sekunde moja, na ukikosea tundu la mita unaunguza fyuzi. Usiifanye kabisa kwa betri za litiamu.

Huna mita? Chukua tochi mbili za aina moja kabisa. Moja weka betri ambazo umeshawahi kuziamini, nyingine weka sampuli. Ziwashe pamoja, uziandikie saa. Inachukua usiku mzima ila jibu lake ni la kweli kuliko maneno yoyote ya dukani.

Ile ya kudondosha betri kwenye meza na kuangalia kama inaruka, ina ukweli nusu, na kwa alkalaini tu. Mpya huanguka na kutulia, iliyotumika huruka, kwa sababu zinki ya ndani hubadilika kuwa oksidi na kugandana. Lakini huanza kuruka kabla haijaisha. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukuambia kwamba "mpya" uliyouziwa si mpya. Hakikuambii imebakiza kiasi gani.

Kuhusu feki: majina yanayoigwa zaidi ni yale yanayoaminika, kama Tiger Head, Panasonic, Eveready na Duracell. Angalia jina herufi kwa herufi, uchapaji uliofifia, ganda la karatasi mahali ambapo halisi huwa la chuma, na namba ya toleo inayofanana kwenye boksi na kwenye betri. Angalia pia nchi ilikotengenezwa. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, kwa hiyo pakiti inayodai kutoka huko ikiwa na tarehe mpya inahitaji maelezo. Dai risiti, Tanzania iwe ya EFD (mashine ya risiti za kodi), yenye aina na idadi, si "bidhaa mbalimbali". Bila risiti huna pa kurudishia boksi, na huna cha kupeleka Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania, au kwa Kenya, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Kiasi gani kinatosha

Hapa ndipo uchu wa bei ya katoni unapowaponza watu. AA na AAA mara nyingi hupangwa nne nne kwenye plastiki, kisha 40 au 60 kwenye boksi dogo, na maboksi hayo huingia kwenye katoni ya vipande elfu moja au zaidi. D huwa mbili mbili, boksi dogo likiwa na 20 au 24. CR2032 hukaa tano kwenye kadi. Hesabu mwenyewe, makatoni hayafanani, na bei iliyo ndogo pengine ni ya boksi lenye betri chache.

Nyumba yenye saa tatu na rimoti nne hutumia AA tatu au nne na AAA nane hivi kwa mwaka. Boksi la AA 60 ni la nyumba kumi na tano. Kwa hiyo nunueni kwa kikundi: kikoba, majirani wa uani, shule, zahanati. Kwa zinki-kaboni, chukueni ya kutumika ndani ya mwaka mmoja, si zaidi. Kwa alkalaini miaka miwili ni salama. Katoni nzima ni ya mwenye duka, na hata yeye afikirie mara mbili kama mzunguko wake ni mdogo. Punguzo la asilimia kumi kwenye katoni halifidii robo ya betri zilizokufa kabatini.

Kuzitunza

Joto ndilo adui. Kanuni ya kemia inayotumika kwa makadirio ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huongeza kasi ya kuharibika takriban mara mbili. Boksi lililowekwa juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari linapikwa kila mchana. Liweke chini, ndani ya chumba cha ndani, mbali na jiko na dirisha. Friji haihitajiki, ukiitoa betri humo hutoa jasho na unyevu huo hula vichwa.

Ziache kwenye plastiki zake hadi siku ya kutumia. Zikichanganyika kwenye droo na sarafu, funguo au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, hupiga shoti. Hatari zaidi ni ya volti 9, kwa kuwa ncha zake zote ziko upande mmoja. Iliyofunguliwa ibandike selotepu. Andika tarehe ya kununua juu ya boksi kwa kalamu nene na toa za zamani kwanza.

Usichanganye mpya na kuukuu, wala alkalaini na zinki-kaboni kwenye kifaa kimoja. Iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha zilizobaki huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Gesi hujaa, ganda hupasuka, na kifaa kinaoga kemikali. Badilisha zote kwa pamoja. Kuzianika juani au kuziuma kwa meno huzifufua kwa muda mfupi, lakini ganda la zinki wakati huo limeshaliwa na kuwa jembamba, na ndilo linalotoboka. Na zisizo za kuchaji zisiingie kwenye chaja.

Zikivuja, vaa glavu. Unga mweupe wa alkalaini ni wa asili ya magadi, kwa hiyo unaondolewa na siki au maji ya ndimu kwenye pamba ya masikio. Utelezi wa kahawia wa zinki-kaboni una asidi, na huo unaondolewa na magadi ya kuokea yaliyolowekwa kwa maji kidogo. Ukitumia kinyume chake utasugua bure. Malizia kwa spiriti, acha ikauke, na kama chemchemi ina kutu ipitishie msasa laini.

Betri bapa na watoto

Hizi zinunuliwe chache na zifungiwe juu. Mtoto akimeza CR2032 inaweza kukwama kwenye koo la chakula na kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imeshaisha kwa matumizi ya rimoti. Usimtapishe. Mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja. Akiwa amezidi mwaka mmoja na hazijapita saa 12, mpe asali mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Kama asali haipo karibu, ondokeni bila kuitafuta.

Zilizokwisha

Ukinunua boksi umenunua pia taka zake. Zisichomwe, zisitupwe chooni wala shambani, na ule unga mweusi wa ndani usitolewe kupaka ubao wa shule: una manganizi na chumvi za zinki zinazowasha ngozi na kudhuru mapafu. Weka dumu la plastiki kavu lenye mfuniko, bandika selotepu ncha za volti 9 na za litiamu, na likijaa lipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nairobi kipo Kituo cha WEEE. Mahali pengine uliza halmashauri, au muuzaji wako wa jumla kama anarudisha mzigo kwa wakala. Kikundi kinachonunua pamoja kitumie dumu moja, kwa sababu wakusanyaji wengi hawatafuata betri ishirini, ila kilo kumi wanaweza kuzifuata.